Dagaa wa Kigoma na Raha Ndogo za Kwetu



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi katika habari ya jambo dogo. Mambo makubwa yana wasemaji wake wengi, na sisi walimu tumezoea kuachiwa madogo. Basi mazungumzo yangu ni habari ya samaki apataye urefu wa kidole, naye ni dagaa wa Ziwa Tanganyika. Na habari ya watu wa Kigoma na Ujiji ambao, wakiwa mbali na kwao, humtia samaki huyu katika kikaango, wakarudi nyumbani kwa muda wa mlo mmoja.

Kila mtu aliyeondoka kwao ana kitu chake. Mtu wa Bukoba akipata buni za kutafuna moyo wake hutulia. Mtu wa Moshi husimulia habari za ndizi za kwao hata wenziwe wakachoka. Mtu wa Unguja aliyeko Maskati au Uingereza hufungua kikopo cha karafuu, akanusa, akakifunga tena, pasipo kuzitia katika chakula chochote. Raha hizi hazina gharama kubwa, wala hazimtaki mtu avuke kizingiti cha mlango wake. Mtu hukaa jikoni mwake, akasafiri.

Wazungu walilipa jambo hili jina la ugonjwa. Mwaka 1688 kijana mmoja mwanafunzi wa uganga, jina lake Johannes Hofer, aliandika insha yake ya kumaliza masomo katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi. Akaunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja la kurudi nyumbani na moja la maumivu, akapata neno nostalgia. Aliandika habari za vijana waliopelekwa mbali na kwao, wakakonda, wakakosa usingizi na hamu ya chakula. Akasema ya kwamba dawa ya kweli ni kuwarudisha kwao. Sisi katika Kiswahili hatukuwa na haja ya kuazima Kiyunani. Tunayo hamu, tunayo shauku, tunao ukiwa, na kila neno lina mahali pake: hamu ni ya kitu, na ukiwa ni wa pale palipobaki patupu. Tena naona liko jambo moja ambalo daktari yule hakulitilia maanani, yaani kama mgonjwa hawezi kurudishwa kwao, huenda kwao kukaletwa kwake, hata ikiwa ni kwa kipimo cha kilo moja tu ndani ya mfuko.

Wataalamu wa mwili wa binadamu hutueleza kwa nini harufu ina nguvu kubwa hivi. Habari za macho na za masikio hupita kwanza katika kituo kilicho katikati ya ubongo, zikapangwa pale, ndipo zikapelekwa mbele. Harufu haipiti kwanza katika kituo hicho. Mishipa yake huingia kwa njia ya mkato katika zile sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na maono ya moyo. Ndiyo sababu picha ya ziwa iliyotundikwa ukutani humfanya mtu aseme, "Pale ni kwetu," lakini harufu ya dagaa wakikaangwa katika mawese humnyamazisha.

Sasa, kwa ajili ya wale wasiopajua, nieleze kidogo mahali penyewe. Katonga ni mwalo wa wavuvi katika mji wa Kigoma. Mbele yake ni maji, na siku isiyo na ukungu milima ya Kongo huonekana ng'ambo. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake pale palipo kirefu kabisa hupata meta 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni Baikal peke yake, lililoko Urusi, linalolipita kwa kina. Haya ni ya kufundishwa darasani. Mtoto wa Katonga hajui hesabu hizo, naye hujua mambo mengine ambayo hayamo katika vitabu vya jiografia.

Hujua taa. Usiku wa giza, baada ya chakula, watu hutoa mikeka na vigoda nje ya nyumba, wakatazama ziwani, na huko mji mwingine umezuka juu ya maji. Taa hupangika safu kwa safu, nyingine karibu hata huonekana zikicheza juu ya mawimbi, nyingine mbali kama nyota zilizoshuka. Watoto hubishana wakizihesabu, na mama hutaja taa ipi ni ya mumewe, ingawa hapana mtu awezaye kuijua kweli kwa umbali ule. Hii ni raha isiyolipiwa hata senti, na nimewasikia watu wazima walioishi katika miji mikubwa yenye taa maelfu wakisema ya kwamba hawajaona taa tangu waondoke Kigoma.

Kwa nini taa? Dagaa mchana hushuka chini kwenye giza, akijificha adui zake. Jua likichwa hupanda juu kufuata chakula chake, yaani vijidudu vidogo sana vinavyoelea majini. Mvuvi huwasha taa juu ya maji, akangoja. Vijidudu hukusanyika penye mwanga, dagaa wakavifuata vijidudu, na migebuka, ambao ni samaki wakubwa kiasi, wakawafuata dagaa. Hapo wavu uliokwisha shushwa chini huinuliwa polepole baina ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Wazee wa zamani walifanya kazi hii kwa kuchoma vifungu vya kuni au matete mbele ya mtumbwi, wakawateka dagaa kwa wavu wenye mpini mrefu uitwao lusenga. Kisha, katikati ya karne ya 20, zikaenea taa za karabai, zile za mafuta ya taa zenye kupigwa pampu, ambazo mvumo wake ulisikika hata ufukoni. Siku hizi wengi hutumia taa za betri, na betri nyingine hujazwa kwa jua. Mwanga wa sasa ni mweupe zaidi, wala hauvumi. Wako wanaosema ya kwamba uzuri wa ule mji wa majini umepungua kwa kuwa karabai ilikuwa na rangi ya dhahabu. Mimi sitaingia katika ugomvi huo. Mvuvi ambaye hana tena haja ya kununua mafuta ya taa kila jioni hana budi kuichagua betri.

Mwezi nao una sauti yake. Ukipevuka, mwanga wake hutapakaa ziwa zima, na taa ya mvuvi hukosa nguvu ya kuwavuta samaki mahali pamoja. Basi kwa muda wa siku saba hivi za mbalamwezi mji wa majini huzimika. Nyavu huanikwa na kushonwa, mitumbwi huzibwa nyufa, na wavuvi hulala nyumbani kama watu wengine. Mahali pengine watu hungoja mbalamwezi wapate kutembeleana. Katonga hungoja giza.

Asubuhi mitumbwi hurudi. Hapo kazi huwa mikononi mwa wanawake, nao ndio hasa wenye elimu ya dagaa. Mama huingia majini hata magotini, akatia mkono katika shehena, akatazama, akanusa, akataja bei. Akikubaliwa hujitwisha beseni, akaenda kuwamwaga mahali pa kuanikia: juu ya mchanga na changarawe, au juu ya vichanja vyenye nyavu. Wakati wa kiangazi jua kali la siku moja au mbili latosha. Wakati wa masika wingu moja laweza kumtia mtu hasara, kwa maana dagaa aliyenyeshewa hugeuka rangi, akanuka, na hapana awezaye kumdanganya mnunuzi mwenye pua. Aliyekaushwa vizuri hung'aa kama fedha, ni mzima pasipo kuvunjika, na mtu akimtafuna hasikii mchanga katika meno yake. Dagaa wa kichanja, ambaye hakugusa mchanga, ndiye anayetengwa kwa ajili ya safari ndefu na kwa ajili ya ndugu walio mbali. Hapo zamani na hata sasa gunia la dagaa ni mzigo wa kawaida wa watu watokao Kigoma, na reli iliyofika pale mwaka 1914 imechukua harufu yake kilometa 1,250 hivi mpaka Dar es Salaam.

Tuje kwenye chungu. Dagaa huoshwa kwa maji ya vuguvugu mara mbili tatu, hukamuliwa, kisha hukaangwa katika mawese mpaka wakaanza kuwa wakavu. Ndipo vitunguu, nyanya na pilipili huingia. Wengine hutia ndimu mwishoni. Kichwa hakitolewi, maana dagaa wa Kigoma hana uchungu. Huliwa kwa ugali wa muhogo, na kando yake bakuli la sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa muda mrefu, nayo pia kwa mawese. Mtu wa pwani huyaita kisamvu, akayapika kwa tui la nazi. Ni majani yale yale. Lakini mpe mtu wa Ujiji kisamvu cha nazi, atakula kwa adabu, atashukuru, na usiku atakumbuka kwao.

Chakula hiki kina historia ndani yake. Ujiji ya karne ya 19 ilikuwa soko kubwa: chumvi ya Uvinza ilipita pale, na mawese, na samaki wakavu, na pembe za ndovu, na wanadamu pia walipita wakiuzwa. Wamanyema, watu waliotoka ng'ambo ya ziwa, wengine walikuja pamoja na misafara wakiwa wapagazi na askari, na wengine walichukuliwa utumwani. Walikaa Ujiji, wakaenea mpaka Tabora na Dar es Salaam, wakifuata njia ile ile ya misafara. Aliyenyang'anywa kila kitu hakuweza kunyang'anywa ujuzi wa kupika. Nionavyo mimi, bakuli la sombe lililo jekundu kwa mawese linahesabika pamoja na kumbukumbu za safari zile, ijapokuwa hatuliandiki katika vitabu vya mashule. Watalii huenda Ujiji kutazama mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ni haki yao. Lakini mgeni atakayekaribishwa ugali katika nyumba ya jirani atakuwa ameonja mambo yaliyokuwako kabla ya mabwana wale wawili.

Sasa mtazame mtu huyu akiwa mbali. Mathalan ni mwalimu au karani aliyepelekwa Njombe, kwenye baridi. Amekuja na chupa ya mawese, na asubuhi ya kwanza huyakuta yameganda nusu chupa, rangi yake imefifia kama udongo. Wenyeji humwambia ya kwamba mafuta yake yameharibika. Yeye huiweka chupa karibu na moto, akangoja, na mafuta yakaanza kushuka tena taratibu, mekundu. Dagaa wakiingia katika kikaango, harufu hutoka mpaka njiani. Walioko Ulaya na Marekani wana shida zaidi, kwa sababu wengi hukaa katika nyumba za ghorofa ambamo harufu ya mmoja ni harufu ya wote. Hufunga mlango wa jikoni, wakafungua dirisha wakati wa theluji, wakapika upesi upesi kama watu wafanyao magendo.

Katika chuo cha ualimu nimeona mabishano mengi juu ya samaki huyu. Wanafunzi hutoka mikoa mbalimbali, na kila mmoja huja na kopo lake. Siku moja kijana wa Mwanza alionjeshwa dagaa na mwenziwe wa Kigoma, akatafuna, akasema, "Ndugu yangu, hawa ni wazuri, lakini wa kwetu ni wale wale."

"Si wale wale," akajibu wa Kigoma. "Wa kwenu wana uchungu."

"Uchungu ni wa mpishi."

Waliniletea mimi shauri lao, nami niliwaambia ya kwamba wa Kigoma yuko katika haki kwa sehemu moja: samaki hawa si ndugu, ila majina yao ni mamoja. Dagaa wa Ziwa Viktoria ni wa jamaa ya samaki wa maji matamu. Dagaa wa Tanganyika wako wa namna mbili, na wote wawili ni wa jamaa ya samaki wa baharini, ile ya simu na wenziwe wanaotiwa katika makopo. Wazee wao waliingia katika maji matamu ya Afrika mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa hiyo dagaa wa Kigoma naye ni mgeni aliyekaa mbali na kwao, akazoea. Kijana wa Mwanza alifurahi sana kwa neno hili kuliko yule wa Kigoma.

Tena samaki huyu ana majina mengi kwa kuwa wenye kumpenda ni wengi. Burundi na Kongo ni ndagala. Zambia na Zimbabwe ni kapenta. Watu walipoona faida yake wakamhamisha. Mwaka 1959, katika utawala wa Wabelgiji, dagaa wachanga walichukuliwa kutoka Tanganyika wakatiwa katika Ziwa Kivu, nao wa namna moja wakastawi; wenyeji wa huko humwita isambaza. Kisha katika mwaka 1967 na 1968 walipelekwa katika Kariba, ziwa lililofanywa na watu kwa kuziba mto Zambezi, nako wakajaa, wakawa biashara kubwa ya nchi mbili. Hivyo mtoto aliyezaliwa kando ya Kariba naye ana hamu yake ya kapenta, naye husema ni chakula cha kwao, na kweli ni cha kwao.

Ziko raha nyingine za Kigoma ambazo nazipita mbio: maembe ya Ujiji, kahawa chungu barazani, mlio wa bao jioni. Moja nataka kuitaja, nayo ni honi ya Liemba. Meli hii iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya masanduku na kuunganishwa tena Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isishikwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na kutoka mwaka 1927 ikachukua abiria kwa jina la Liemba. Kwa muda wa zaidi ya miaka tisini watu walio majumbani waliisikia honi yake, wakajua ni siku gani. Mwaka 2018 ikasimama. Watoto waliozaliwa Kigoma mwaka ule wameanza shule pasipo kuisikia. Nayataja haya kwa sababu watu hudhani raha ndogo hazifi. Honi haikutokea katika kumbukumbu zetu. Ilitokea katika mashine, na mashine ilipochoka tukabaki na kumbukumbu.

Na dagaa je? Dagaa naye hutokea katika mashine kubwa, ambayo ni ziwa lenyewe. Niwaombe mnisikilize hapa, maana jambo hili aghalabu haliwafikii wanaokula mbali.

Chukua sufuria ya mchuzi, umimine mawese juu yake. Mafuta hukaa juu, maji hukaa chini, wala hayachanganyiki mpaka upate mwiko. Ziwa Tanganyika ni hivyo. Maji ya juu hupashwa na jua, huwa mepesi, hukaa juu. Ya chini ni ya baridi zaidi na mazito. Kila kiumbe kinachokufa huzama, kikachukua rutuba yake chini, na huko kwenye kina, kuanzia meta 100 au 200 hivi, hamna oksijeni, wala samaki hawakai. Basi rutuba iko kwenye ghala la chini, na walaji wako juu. Mwiko ni upepo. Kutoka mwezi wa Mei mpaka Septemba upepo wa kusini, ambao watu wa pwani huuita kusi, huvuma juu ya ziwa, ukasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Maji ya chini huinuka kusini kushika nafasi, na ziwa lote huyumba polepole kama maji ndani ya beseni lililoinamishwa. Rutuba hupanda, vijimea visivyoonekana kwa macho huota, vijidudu huvila, dagaa huvila vijidudu. Hivyo upepo ule unaowatesa wavuvi ndio unaowalisha.

Sasa maji ya juu yamezidi joto. Kadiri yanavyozidi joto huzidi kuwa mepesi, na mwiko ule ule hauwezi kuyakoroga kama zamani. Mwaka 2003 wataalamu walioongozwa na Catherine O'Reilly walieleza katika jarida la Nature ya kwamba uotaji wa vijimea ulikuwa umepungua kwa sehemu 20 hivi katika 100, na kwa hesabu yao samaki wa kuvuliwa wangepungua kwa sehemu 30 hivi katika 100. Mwaka 2016 wengine, akiwamo Andrew Cohen, walichunguza tope la chini ya ziwa, ambalo hupangika tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu. Waliona ya kwamba mapungufu ya samaki yalikwisha anza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara wa karne ya 20. Hii haina maana ya kwamba wavuvi hawana sehemu. Watu wameongezeka ziwani, mitumbwi imeongezeka, na nyavu zenye macho madogo kupita kiasi huchukua hata wale ambao hawajazaa. Ukizungumza na wavuvi watakuambia habari ya joto; ukizungumza na maofisa watakuambia habari ya nyavu. Nionavyo mimi kila upande umeshika ukweli nusu, ule usiomgusa mwenyewe. Lakini joto la ziwa halina mtu wa Kigoma awezaye kulipunguza peke yake, na wavu uko mkononi.

Nchi nne zenye ufuko katika ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulitunza mwaka 2003. Ikafika mwaka 2024 ikatekelezwa hatua ambayo watu hawakuizoea: kwa mapatano ya nchi hizo, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa kwa miezi mitatu, kutoka tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Fikirini maana yake kwa mtu wa Katonga. Mvuvi hana mshahara wa mwezi. Mama mwenye beseni hana kitu cha kutia katika beseni. Vichanja ni vitupu. Na jioni, watu wakitoa mikeka nje, mbele yao ni giza tu, hata katika usiku ule ambao mwezi haupo.

Sisi tulio mbali tulisikia jambo hili kwa njia ya kopo lililokwisha. Nimemsikia mtu akilalamika kana kwamba amedhulumiwa yeye. Sikuweza kumwunga mkono. Mzigo wa miezi ile waliuchukua wale walio ufukoni, wavuvi na wanawake wa kuanika, nao ndio wenye haki ya kuuliza kama hesabu imefanywa vema, na kama wakati wa kufungwa wamewekewa kitu cha kula. Ni maswali ya haki, nayo yafaa yajibiwe kwa takwimu za samaki wanaopatikana baada ya kufunga, mwaka kwa mwaka, zikatangazwa kule kule kwenye mialo kwa lugha inayosikika. Ama mlaji wa mbali, kazi yake ni nyepesi zaidi: asinunue dagaa wadogo mno kwa kuwa ni rahisi, na akipata wa kichanja alipe bei yake pasipo ugomvi, maana katika bei hiyo mna mgongo wa mtu.

Miezi ile mitatu mama mmoja wa Ujiji, anayekaa Dar es Salaam, aliwagawia majirani zake wa kwao dagaa kwa kijiko. Hakuwauzia. Alisema ya kwamba kopo lake likiisha mapema ataona miezi ni mirefu, lakini likiisha peke yake ataona haya. Walikula kidogo kidogo, wakazungumza sana, na wengi wao mazungumzo yao yalikuwa juu ya taa.

Ziwa lilifunguliwa tarehe 15 Agosti. Lakini mwezi ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa, nao ulipevuka tarehe 19. Basi mwenye kuijua hesabu ya Katonga hakutazamia mengi katika siku zile za kwanza. Alijua ya kwamba ruhusa ya serikali imetoka, ila ya mwezi bado. Naye alihesabu kwa vidole mpaka mwanzo wa Septemba, giza lirudi.